Siku Kizibo Alipoweka Namba Yake Kwenye Skrini

Kuna watu wanaitwa Simba, wengine wanaitwa Chuma. Yeye anaitwa Kizibo, na kabla hujaanza kucheka ngoja kwanza usikie jina lilivyomganda, halafu ucheke vizuri.

Wiki yake ya tatu kazini alitumwa kufunga antena ya intaneti juu ya paa la nyumba ya ghorofa mbili. Kazi ndogo tu: matundu manne, boliti nne, shuka, sepa. Tundu la tatu lilikuwa gumu, akaisukuma drili kwa kifua. Drili ikapita ukuta mwembamba, ikapita na kilichokuwa nyuma ya ukuta, ambacho ni tangi la maji la lita elfu mbili lililojazwa asubuhi ile ile. Maji yakamtokea kama yana kesi naye. Akaziba kwa kidole gumba. Kidole kikafa ganzi, akabadilisha mkono. Mwisho akageuka, akaliziba lile tundu kwa makalio, mgongo kwenye tangi, miguu ameikaza kwenye ukingo wa paa, na akakaa hivyo saa mbili nzima akimsubiri fundi bomba.

Mwenye nyumba alikuwa na simu yenye kamera nzuri. Picha ilifika kwenye grupu la kazini kabla fundi bomba hajafika kwenye nyumba. Dada wa mapokezi akaandika chini yake neno moja, Kizibo, na vikatuni sita vinavyocheka hadi machozi. Kufikia jioni mama yake mzazi alikuwa anapokea simu za watu wanaomuulizia Kizibo, naye anawajibu kwamba hajambo.

Kati ya watu wa kazini, aliyepanda juu ya paa siku ile alikuwa mtu mmoja tu, mwenye kampuni ya intaneti mwenyewe. Ni mama wa makamo, mfupi, anatembea kama anachelewa hata akiwa anakwenda chooni, na wote wanamwita Mama Bosi. Kila mtu alijua anapanda kumfukuza kazi. Alipanda na mwavuli. Jua lilikuwa linachoma, akamfunika kichwa, akasimama naye pale mpaka fundi bomba akaja, na alichosema ni hiki tu: "Ungekuwa mwingine ungekimbia."

Hilo Kizibo hakulisahau. Liweke akilini, litarudi.

Sasa amri. Karatasi ya mahakama ilikuja Alhamisi, kurasa sita na mhuri mwekundu. Wenye haki za kurusha mechi na filamu walikuwa wamefungua kesi wakashinda, na jaji akaamuru kampuni zote za intaneti zifunge tovuti thelathini na moja zinazorusha vitu vya watu bila ruhusa. Mwisho, Jumamosi saa sita mchana. Mama Bosi alisaini kwa mkono wake kwamba ameipokea, na ukurasa wa sita ulisema bila kuzunguka: kampuni isiyotekeleza, mkurugenzi wake anaingia ndani. Wala haikuwa kutishia mtoto. Mkurugenzi wa kampuni ya mji wa jirani aliichezea amri kama hiyo mwaka mmoja nyuma, akalala rumande siku kumi na moja, akatoka amekonda mpaka pete inadondoka kidoleni.

"Kizibo," dada wa mapokezi alisema, "hatimaye wamekuletea kazi ya taaluma yako."

Wakacheka wote. Kizibo naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye orodha. Tovuti namba nane alikuwa anaijua. Ndiyo iliyokuwa inamlisha shemeji yake.

Shemeji ni mume wa dada yake mkubwa. Ana ukumbi wa kuonyesha mpira: bati juu, mabenchi arobaini, skrini kubwa ya kitambaa aliyoishona dada mtu mwenyewe, na projekta anayoifuta vumbi kwa upendo ambao dada anasema hajawahi kuuona ukielekezwa kwake. Jumamosi hiyo saa kumi alasiri kulikuwa na fainali. Shemeji alishazunguka na spika mtaa mzima siku tano, akiapa kwamba mechi itaonekana hata mbingu ikidondoka.

Alhamisi jioni Kizibo alikwenda kwao kumwambia.

"Shemeji, namba nane inafungwa."

"Inafungwa kwa wengine," shemeji alisema, na wala hakugeuka kutoka kwenye projekta yake. "Mimi utaniachia kamlango ka nyuma."

"Hakuna kamlango. Ikifungwa imefungwa. Nikikuachia wewe, wanaokagua wanaona, Mama Bosi anakamatwa."

"Kwani Mama Bosi ndiye aliyekupa mke?"

"Sina mke, shemeji."

"Unaona sasa. Hata hilo hajakusaidia."

Dada akacheka jikoni. Shemeji akacheka. Kizibo akaondoka akijua kwamba hakuna aliyemsikia.

Jumamosi asubuhi Mama Bosi alisafiri kwenda mjini kupeleka kwa mkono barua ya utekelezaji, maana haziamini barua pepe. Ofisini akabaki Kizibo na mlinzi, mzee mmoja mwenye sare ya kubana na kirungu ambacho hakijawahi kumpiga mtu. Ofisi yenyewe ni chumba cha mbele chenye kaunta na meza mbili, na nyuma yake chumba cha mitambo chenye mlango wa chuma usio na kitasa. Kitasa kilivunjika zamani, na kila mwezi mtu anasema tutaweka kingine.

Kufunga tovuti siyo kazi kubwa. Mteja akiandika jina la tovuti, mtambo wako ndio unaomwambia nyumba ya tovuti hiyo iko wapi. Wewe unaufundisha mtambo kudanganya: akiuliza namba nane, mpeleke kwenye ukurasa wetu. Kizibo alimaliza majina thelathini na moja saa tano na nusu. Kilichobaki ni ukurasa wenyewe, ule wa kumwambia mteja kwamba tovuti imefungwa kwa amri ya mahakama.

Dakika thelathini zimebaki. Nani ana muda wa kutengeneza ukurasa mpya? Akachukua ule wa zamani, wa siku za matengenezo, akafuta maneno ya juu, akaandika yale ya mahakama kwa herufi kubwa, akaubandika. Saa sita kasorobo alikuwa anakunywa soda akiwa ameinua miguu juu ya meza.

Maneno ya chini hakuyagusa. Maneno ya chini ya ukurasa wa matengenezo ni haya, na aliyaandika mwenyewe siku aliyokuwa na furaha: "Kwa usumbufu wowote mtafute fundi wako, KIZIBO, mchana au usiku." Na namba yake ya simu. Na mahali ilipo ofisi: nyuma ya kituo cha mafuta, geti la bluu.

Saa kumi kasoro dakika mbili, mbele ya watu mia tatu waliobanana kwenye mabenchi arobaini, shemeji alibonyeza. Tovuti zile za wizi nyingi hazina hata kale kakufuli ka usalama kanakokaa pembeni ya jina la tovuti, kwa hiyo ukurasa wa Kizibo ulipita bila kugonga hodi. Ukatandaa kwenye skrini yote, herufi za jina lake zikiwa na urefu wa mtoto wa miaka miwili.

Yaliyofuata pale ukumbini dada ndiye aliyeyasimulia, maana alikuwa mlangoni. Watu waliusoma kwanza, kama wanasoma mtihani. Halafu benchi la kwanza likaruka. Kichwa cha mtu kikapasuka kwa benchi la pili. Fundi wa kuchomelea vyuma, jitu lenye mikono iliyojaa makovu ya cheche, alikamata stendi ya skrini kwa mkono mmoja na kola ya shemeji kwa mkono wa pili, akauliza kwa upole kabisa ni kipi akivunje kwanza.

Na shemeji, ambaye skrini ile ndiyo maisha yake, akanyoosha kidole kwenye jina.

"Huyo hapo," alisema. "Ni shemeji yangu. Anaweza kufungua. Twendeni."

Ofisini simu ya Kizibo ilianza kulia. Namba ngeni. Akapokea, akatukaniwa mama. Ya pili, akatukaniwa mama na bibi. Kufikia ya tano alikuwa amefungua ule ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, akasoma mpaka chini, na soda ikamrudi puani.

Hakupata muda wa kufuta. Geti la bluu liligongwa mara moja, mara ya pili likaanguka ndani. Mlinzi alisimama mbele yao, akainua kirungu, akasema, "Wanangu, ofisi imefungwa." Mguu wa benchi ulimpata ubavuni, mwingine mdomoni, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeona kiti, damu ikishuka kwenye vifungo vya sare. Wakamruka. Kioo cha mlango kikavunjwa na kichwa cha mtu aliyesukumwa na wenziwe, naye akaendelea kuingia hivyo hivyo, uso umejaa vipande.

Fundi chuma alimtoa Kizibo nyuma ya kaunta kwa masikio.

"Wewe ndiye mchana au usiku?"

"Ndiyo mimi."

"Sawa. Ni mchana. Fungua."

"Ni amri ya mahakama, kaka. Nikifungua bosi wangu anafungwa."

Ngumi ilimpata kabla hajafunga mdomo. Jino lilitoka zima, likagonga kaunta, likaingia kwenye kopo la kalamu. Wakamnyanyua. Wakampiga tena, safari hii wengi, na kila mmoja alikuwa na lake: huyu intaneti ilikatika siku ya usaili, yule picha ya harusi haikufika, mwingine hakuwa na sababu ila nafasi ilipatikana. Kizibo aliona buti, akaona dari, akaona buti. Katikati ya miguu aliona viatu anavyovijua, vya kahawia, vilivyoshonwa kidoleni. Vilikuwa vimesimama pembeni, havipigi.

"Shemeji," alisema kutoka chini.

"Fungua tu, shemeji," viatu vikajibu. "Fungua haya yaishe."

"Hapana."

Fundi chuma akaushika mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya meza, akautandaza kama anataka kupima nguo. Nondo ilishuka mara moja. Kidole cha shahada na cha kati vililia kama penseli zinazovunjika. Kizibo alipiga kelele ambayo mpaka leo dada wa mapokezi, aliyekuwa anapita mtaani akajificha kwenye duka la jirani, anasema hakujua kama ni ya binadamu.

"Vimebaki vinane," fundi chuma alisema. "Vinatosha kuandika."

Basi Kizibo akasema atafungua. Usimcheke. Kaa kwenye kile kiti uone.

Wakamketisha mbele ya kompyuta. Mtambo ukaomba paswedi. Aliandika kwa mkono wa kushoto na machozi, akakosea. Mkono ule hajawahi kuandikia hata jina. Mara moja. Akarudia, lakini damu ya puani ilikuwa imeingia kwenye kibodi na herufi moja ikanata, ikajiandika mara nne. Mara mbili. Nyuma yake mtu alimpiga kibao cha kisogo ili kumsaidia kukumbuka.

Hapo simu ikalia juu ya meza. Haikuwa namba ngeni. Fundi chuma akaisoma kwa sauti, "Mama Bosi," akapokea, akaweka spika.

"Mama, kijana wako yuko hapa anavuja kidogo. Mwambie afungue namba nane."

Upande wa pili zilisikika sauti za magari ya mjini.

"Kizibo," Mama Bosi alisema. "Unanisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Wamekuumiza?"

"Kidogo."

"Muongo. Fungua, mwanangu. Usife kwa ajili ya karatasi. Ya mahakama nitayajua mimi."

Barua alikuwa ameshaikabidhi, yenye sahihi yake, inayosema tovuti zote thelathini na moja zimefungwa. Wakaguzi wangeangalia jioni ile ile, maana ndiyo siku ya fainali. Kizibo alijua, na Mama Bosi alijua zaidi, kwamba ikifunguliwa hata kwa mechi moja basi amesema uongo kwa mahakama kwa mkono wake mwenyewe. Na alilisema lile neno, fungua, kwa sauti ile ile ya juu ya paa, kama anafungua mwavuli.

Kizibo aliweka kidole kwenye kibodi. Mara ya tatu alikosea makusudi.

Maandishi mekundu yakatokea. Fundi chuma aliyasoma polepole, maana hakuwa mtu wa kusoma haraka. "Umekosea mara tatu. Jaribu tena baada ya dakika thelathini." Akamtazama. "Ondoa hiyo."

"Haiondoki. Niliiweka mwenyewe, kwa ajili ya wezi."

Kuna njia ya kuizunguka, kwa kuchomeka kebo moja nyuma ya mtambo. Hakuna aliyemuuliza.

Nondo ikampata begani. Mfupa wa mtulinga ukakatika, sauti yake akaisikia ndani ya sikio. Akaanguka chini ya meza. Juu yake kompyuta ilifuata, halafu printa, halafu ile picha ya wafanyakazi wote wakitabasamu. Na ndipo mmoja aliyekuwa na redio ndogo sikioni akasema goli limeingia. La kwanza. Dakika ya thelathini na nane. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeliona.

Watu mia tatu wamekosa goli. Hasira ya namna hiyo inatafuta mtu, na Kizibo alishaisha, hakukuwa tena na sehemu nzuri ya kupiga. Mtu akakumbuka spika.

"Si huyu aliyesema hata mbingu ikidondoka?"

Wakageuka. Shemeji alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono juu, anatabasamu lile tabasamu la kuomba. Mguu wa benchi uliondoka nalo. Akapiga magoti, wakamshukia, na Kizibo kutoka chini ya meza aliona viatu vya kahawia vikitupa mateke sakafuni, kimoja kikachomoka.

Angeweza kukaa kimya pale alipo. Alitambaa. Kwa mkono mmoja, mtulinga ukisaga, alipita chini ya meza ya pili, akakamata mkanda wa suruali ya shemeji, akavuta. Walikuwa wanapigana wao kwa wao kugombea nafasi, hata hawakuona mtu wao anavyotoka. Akamburuta mpaka chumba cha mitambo, akausukuma mlango wa chuma kwa mguu.

Mlango usio na kitasa. Basi akageuka. Makalio sakafuni, mgongo kwenye chuma, miguu ameikaza kwenye kabati la mitambo. Ndiyo, mkao ule ule. Ingekuwepo kamera wangeweka picha mbili pamoja.

Pigo la kwanza lilimrusha inchi moja. Akarudi. La pili lilipita kwenye bega lililovunjika, akatapika soda yote. Shemeji alikuwa amejikunja kati ya nyaya, jicho moja limefunga, anahesabu meno yake kwa ulimi.

"Uliwaleta wewe," Kizibo alisema.

"Walikuwa wanachana skrini." Pigo. "Dada yako aliishona siku nne, shemeji."

"Njoo usukume mlango."

"Mkono umevunjika."

"Tumia kichwa. Hukitumii kwa kingine."

Shemeji akatambaa, akaegemea, wakawa wawili. Mlango uliendelea kulia. Uliingia ndani katikati kama sufuria lililokanyagwa, na kila pigo lilipita mgongoni mwao wote kwa pamoja. Shemeji alikuwa analia kimyakimya. Kizibo alikuwa anahesabu: pigo la arobaini, la arobaini na moja.

Halafu kimya.

Hawakuokolewa na polisi. Polisi walikuja baadaye wakiuliza ni nani ameshinda. Kilichowaokoa ni kipindi cha pili. Kilikuwa kinaanza, kinyozi wa mtaa wa pili ana redio kubwa, na mia tatu wale walitoka mbio, fundi chuma mbele, nondo mkononi, wakimruka tena mlinzi ambaye kwa busara aliamua kubaki amelala.

Dada aliwakuta hospitali, vitanda viwili vimekaribiana. Alimtazama mdogo wake: jino, vidole, mtulinga. Akamtazama mume wake. Akavua kiatu.

"Mama, hapa ni wodini," nesi alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimemsubiri afike hapa."

Alimpiga nacho mara tatu, sehemu zisizo na bandeji, na zilikuwa chache. Halafu akakaa kati ya vitanda akamshika kila mmoja mkono uliobaki mzima. Skrini ilichanwa vipande viwili. Hakuishona tena. Shemeji sasa anaonyesha mechi za ligi ya wilaya, ambazo ruhusa yake aliiomba kwa barua, na anasema timu ni mbovu lakini hakuna mtu anayekuja na nondo.

Mlinzi alipona, akapewa sare inayomtosha. Fundi chuma yuko ndani, na wakaguzi jioni ile waliandika kwamba tovuti zote thelathini na moja zimefungwa kama ilivyoamriwa.

Siku Kizibo anatoka hospitali jua lilikuwa kali. Mama Bosi alikuwa anamsubiri nje ya mlango, na mwavuli. Akaufungua, akamfunika, wakatembea taratibu, jambo ambalo kwa Mama Bosi ni sawa na kulia hadharani.

"Nilikwambia ufungue," alisema.

"Nilisahau paswedi, mama."

"Muongo," alisema, akausogeza mwavuli zaidi upande wa Kizibo.

Jumatatu iliyofuata ilikuja orodha mpya, tovuti kumi na tisa. Kizibo aliandika ukurasa kwa mkono wa kushoto, na dada wa mapokezi akausoma mara tatu kutoka juu hadi chini, hasa chini, kabla haujabandikwa. Mlango wa chuma umewekwa kitasa. Ule ubonyeo wa katikati wameuacha, na kila fundi mgeni anayeanza kazi anaambiwa akaweke mgongo pale apime.

Jina bado ni Kizibo. Mama yake sasa analiitikia kwa majivuno.

Haya, zamu yako. Una jina la aibu lililokuganda na lina hadithi yake, au kuna siku ulisahau kufuta mstari mmoja wa chini na dunia nzima ikakujia getini? Andika hapo chini, usione haya. Mwenye jino lililoingia kwenye kopo la kalamu anasoma zote, na ameahidi kucheka taratibu, maana mtulinga bado unauma.